Jua likipatwa utazame kwa kifaa gani? Miwani, tundu na darubini vikilinganishwa

Ikitangazwa kwamba jua litapatwa, swali la kwanza la wengi huwa ni miwani: inapatikana wapi, ni salama kweli, itatosha watu wangapi. Swali ni zuri ila limetangulia zamu yake. Kwanza ujue ni kupatwa kwa aina gani kutakakoonekana pale hasa utakaposimama. Miwani inayokulinda katika kupatwa kwa sehemu inaweza kukunyima kilele chenyewe katika kupatwa kikamilifu, usipojua wakati wa kuivua. Na ile ruhusa ya kutazama kwa macho matupu, inayotolewa kwa dakika chache tu jua likizibwa lote, akiichukua mtu aliye kwenye kupatwa kipete, ambako pete ya jua hubaki ikiwaka, anaweza kujiharibia macho kwa maisha yake yote.

Aina tatu, masharti mawili

Jua hupatwa Mwezi unapopita kati yake na Dunia na kivuli chake kikatuangukia. Hilo huwezekana tu Mwezi ukiwa gizani, kabla haujaandama. Hata hivyo si kila mara, kwa kuwa njia ya Mwezi imeinama kama nyuzi 5 ikilinganishwa na njia ya Dunia, hivyo mara nyingi kivuli hupita juu au chini yetu. Kwa mwaka mmoja jua hupatwa mara 2 hadi 5, mahali fulani duniani.

Kipenyo cha jua kinazidi cha Mwezi takriban mara 400, na umbali wake kutoka kwetu unazidi wa Mwezi takriban mara hizohizo. Ndiyo maana vikiwa angani huonekana kulingana. Lakini Mwezi hauzunguki kwa duara kamili: kuna siku huwa umbali wa km 357,000 hivi kutoka Dunia, na siku nyingine zaidi ya km 406,000. Ukiwa karibu huziba jua lote, na huko ndiko kupatwa kikamilifu. Ukiwa mbali hushindwa kulifunika, ukingo wa jua ukabaki umeuzunguka pande zote, nako ndiko kupatwa kipete. Aliye pembeni ya njia ya kivuli, katika kupatwa kwa namna yoyote, huona jua limemegwa upande mmoja tu. Ipo pia aina ya mseto, inayokuwa kipete sehemu fulani za njia yake na kamili kwingine, kama ile ya tarehe 20 Aprili 2023 iliyopita Exmouth, Australia. Kwa mtazamaji aliyesimama mahali pamoja huwa ni moja kati ya hizo tatu, kwa hiyo haimbadilishii uchaguzi.

Masharti ya macho ni mawili tu. Kupatwa kwa sehemu na kupatwa kipete: kinga muda wote, bila kuachia hata sekunde moja. Kupatwa kikamilifu: kinga muda wote, isipokuwa pale jua lilipozibwa lote, si karibu lote.

Hilo neno “karibu” ndilo linaloponza watu. Asilimia 99 inasikika kama kamili iliyopungua kidogo. Pigia hesabu: jua zima linang’aa takriban mara 400,000 kuliko mwezi mpevu. Ile asilimia 1 iliyobaki, basi, bado inang’aa kama miezi mipevu 4,000, tena imebanwa kwenye ukanda mwembamba ambao kila sehemu yake ina ukali uleule wa jua la kila siku. Korona, yaani ile taji nyeupe ya gesi inayolizunguka jua, mng’ao wake wote haupiti sana ule wa mwezi mpevu, hivyo humezwa kabisa na hicho kipande. Aliye kwenye asilimia 99 haoni korona. Anachopata ni mchana uliofifia kiajabu na hewa iliyopoa. Kama unachagua kati ya kubaki nyumbani kwenye 99 na kusafiri saa mbili uingie kwenye njia ya kivuli, mimi sisiti hata kidogo: safiri. Njia hiyo mara nyingi haizidi upana wa km 270, na mahali popote pamoja husubiri kwa wastani karne kadhaa kabla haijapita tena.

Kwa nini jua lililomegwa ni hatari kuliko zima

Jua lenyewe halibadiliki siku hiyo wala halitoi mionzi mipya. Kinachobadilika ni tabia ya jicho. Siku za kawaida mwanga hukulazimisha kufumba na kugeuza uso kabla hujadhurika. Jua likipatwa, mwanga wa jumla hupungua, ule mchomo unaokufukuza hulegea, mboni hutanuka, na udadisi hukushikilia utazame. Lenzi ya jicho hukusanya mwanga huo na kuutua kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, usio na mishipa ya maumivu. Mtu huumia bila kujua. Dalili huja saa kadhaa baadaye au kesho yake: doa katikati ya anachokitazama, mistari iliyopinda, rangi zilizopauka. Wapo wanaopata nafuu baada ya wiki au miezi, na wapo wanaobaki na doa lao. Atakayeona dalili hizo aende kwa daktari wa macho, asingoje zipite.

Miwani maalumu na kioo cha kuchomelea

Hivi viwili vinafanya kazi moja, yaani kukuwezesha kulitazama jua lenyewe ana kwa ana.

Miwani ya kupatwa kwa jua inatakiwa kutimiza kiwango cha kimataifa ISO 12312-2, ambacho hakiruhusu zaidi ya asilimia 0.0032 ya mwanga kupita. Ni sawa na sehemu moja kati ya elfu thelathini na moja hivi. Kiwango hicho kinadhibiti pia mionzi ya urujuanimno na ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Tatizo ni kwamba maandishi “ISO 12312-2” yanaweza kuchapwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapia. Marekani ilishuhudia miwani bandia ikiuzwa kabla ya kupatwa kwa mwaka 2017, na tena kabla ya kule kwa 2024. Chama cha wanaastronomia cha huko, American Astronomical Society, huweka orodha ya watengenezaji na wauzaji waliochunguzwa, na orodha hiyo ina uzito kuliko maandishi yaliyo kwenye fremu.

Kipimo cha nyumbani kipo. Ivae ndani: usione chochote, si samani, si dirisha, si mkono wako, isipokuwa taa kali sana ambayo itaonekana kwa ufifi mno. Kisha toka nje utupie jua jicho kwa sekunde moja. Liwe kisahani chenye ukingo mkali ambacho hakikuumizi. Ukiona ukungu unaong’aa kulizunguka, au ukalazimika kukunja uso, itupe. Ikiwa na mkwaruzo, tundu au mkunjo ulioathiri utando, itupe pia. Kipimo hiki hukamata miwani mbovu kabisa. Hakithibitishi kwamba iliyopita ni nzima kwa mionzi isiyoonekana, ndiyo maana chanzo bado kina umuhimu.

Kioo cha kuchomelea kina sifa moja ambayo miwani ya karatasi haina: ni kigumu, hakikunjiki, na namba yake ya ukali imeandikwa. Kinachofaa ni namba 12 hadi 14. Namba 12 hupitisha karibu asilimia 0.002, nayo wengi huiona kali machoni jua likiwa juu. Namba 14 hupitisha pungufu ya hapo mara saba, na wengine huliona jua limefifia mno. Namba 13 ndiyo ya kati. Shida iko kwa mafundi wenyewe: kofia nyingi za kuchomelea huwa na vioo vya namba 9 hadi 11, na namba 10 hupitisha mwanga zaidi ya mara nne ya kikomo cha miwani. Kofia zinazojitia giza zenyewe ziache kabisa, kwani zimetengenezwa kuitikia cheche za kuchomelea, si jua.

Nikilinganisha, miwani inashinda kwa watu wengi: ni nyepesi, inaacha mikono huru, na jua huonekana la rangi ya chungwa au jeupe badala ya kijani. Kioo ni chaguo la yule ambaye tayari ana namba 13 au 14 mkononi, na hapo hana haja ya kutafuta kingine. Anayevaa miwani ya kusomea aivae kama kawaida, ile maalumu iwe juu yake.

Kuhusu idadi, watu hununua kupita mahitaji. Kupatwa kwa sehemu huchukua saa mbili hadi tatu na hubadilika polepole, mtu hutazama sekunde chache kila baada ya dakika kadhaa. Miwani moja inatosha watu watatu wakipokezana. Ni karibu na kilele cha kupatwa kikamilifu au kipete tu ambapo kila mtu anahitaji yake, maana hapo hakuna anayekubali kuazima.

Kulipa jua mgongo

Njia ya pili haitazami jua kabisa. Unatazama taswira yake ikiwa imeangushwa kwenye ukuta, karatasi au ardhi. Watu huichukulia kama mbadala wa maskini, kitu cha kufanya miwani ikikosekana. Naona hukumu hiyo si ya haki. Kwa kundi lenye watoto ndiyo ninayoiweka mbele, kwa sababu ya jambo moja: anayetazama amelipa jua mgongo. Kosa likitokea, hakuna jicho linalolipa.

Iliyo rahisi kuliko zote ni tundu la sindano kwenye karatasi ngumu au karatasi ya foili, la upana wa milimita 1 hadi 2. Mwanga hupita na kuangusha taswira ya jua, ikiwa imepinduliwa, kwenye karatasi nyeupe iliyo upande wa kivuli. Tundu si la kuchungulia. Wapo wanaoliweka jichoni na kulitazama jua moja kwa moja, na hapo wamejiponza wenyewe. Umbo la tundu halina maana kubwa. Hata likiwa la pembe nne, taswira itakuwa ya jua, na jua likimegwa itakuwa hilali.

Kasoro yake ni ukubwa. Kipenyo cha taswira ni umbali kutoka tundu hadi karatasi ukiugawa kwa 110 hivi. Ndani ya boksi la sentimita 50 utapata jua lisilofika milimita 5, na mtoto atakuuliza kama ndicho hicho mlichotokea nje kukiona. Mita 1 inakupa milimita 9. Ukitanua tundu, taswira inang’aa zaidi lakini kingo zake zinafifia. Kurefusha umbali ndiyo dawa.

Ndiyo sababu, kwa kundi, kioo cha kujitazamia kinalishinda boksi kwa mbali. Chukua kioo kidogo, kifunike kwa karatasi yenye tundu la milimita 5 hivi, kisha kitegemeze kirushe mwanga wa jua kwenye ukuta wa chumba chenye giza au kivuli kizito, umbali wa mita 15. Taswira inakuwa na upana wa sentimita 14 hivi, na darasa zima linaiona kwa pamoja, linaijadili, linachora jinsi Mwezi unavyosogea. Kinachohitaji uangalizi ni kioo chenyewe: asimame mtu mzima karibu nacho, asiwepo anayekitazama, na mwanga wake usimpige mtu usoni.

Na kama huna kitu chochote, simama chini ya mti. Mianya kati ya majani ni matundu tayari, na jua likimegwa ardhi yote hujaa hilali ndogondogo. Chujio la jikoni hufanya vivyo hivyo, na hata vidole vya mikono miwili vikipandishwa juu ya vingine. Kwenye kupatwa kipete kila tundu huangusha pete.

Ambacho njia hizi hazikupi ni ule mshtuko wa kuliona jua lenyewe limemegwa, na madoa ya jua, yaani yale mabaka meusi kwenye uso wake, hayaonekani kwa tundu dogo. Anayetaka hayo arudi kwenye miwani, au apande ngazi hadi kwenye darubini.

Darubini: bora zaidi, na isiyosamehe

Hakuna kifaa kinachoonyesha ukingo wa Mwezi ukiyameza madoa ya jua kama darubini yenye kichujio. Hakuna pia kinachoharibu jicho upesi kuliko darubini isiyo nacho. Lenzi ya upana wa milimita 50 hukusanya mwanga mara mamia kuliko mboni iliyosinyaa mchana, na kuutia wote ndani ya jicho. Hapo hakuna suala la kutazama kidogo.

Kichujio kikae mbele, upande unaoelekea jua, na kishikwe kwa nguvu kiasi kwamba upepo au mtoto hawezi kukibandua. Vile vichujio vidogo vya zamani vya kufungwa upande wa jicho vipo mahali ambapo joto limeshakusanyika, navyo hupasuka. Kosa lingine, linalofanywa hata na watu makini, ni kuvaa miwani ya kupatwa kwa jua kisha kutazama kwa darubini ya macho mawili isiyo na vichujio. Mwanga uliokusanywa huichoma miwani na kuendelea hadi jichoni. Miwani ni ya macho matupu tu.

Darubini ya macho mawili inaweza pia kuangusha taswira kwenye karatasi, lenzi moja ikiwa imefunikwa, na taswira yake ni kubwa na safi kuliko ya tundu. Lakini joto linaweza kuiharibu darubini ikielekezwa juani muda mrefu, na daima yupo mtu atakayeinama kuchungulia. Kwenye mkusanyiko wa watoto nisingeiweka.

Simu nayo haiponi sana: ikielekezwa juani na kukuza picha, kihisi cha kamera kinaweza kudhurika, na mpigaji hujikuta analitazama jua pembeni mwa simu. Weka kipande cha kichujio mbele ya lenzi yake, nawe uvae chako. Picha itakuwa ya kawaida sana, nakuambia mapema.

Vya kukataa, hata vikipendekezwa na wazee

Beseni la maji ni la kale na linaonekana la busara, kwa kuwa hutazami juu. Ila jua likiwa juu, maji hurudisha karibu asilimia 2 ya mwanga, ambayo ni zaidi ya mara 600 ya kikomo cha miwani maalumu, na jua likishuka hurudisha zaidi. Miwani ya jua ya kawaida, hata ile nyeusi kabisa inayopitisha asilimia 3, iko karibu mara 1,000 juu ya kikomo. Filamu za eksirei, negativu za picha, sidii na kioo kilichofukizwa moshi hulitia jua giza la kukuridhisha huku mionzi ya infraredi ikipita, na giza lenyewe halilingani sehemu zote. Wingu jembamba ni la kundi hilohilo.

Kulingana na kupatwa kutakakokufikia

Tarehe 12 Agosti 2026 kivuli kamili kinapita Greenland, Iceland na Uhispania. Uhispania jua litakuwa linakaribia kutua, hivyo chagua mahali penye upeo wazi wa magharibi kabla ya kuchagua kifaa. Jua la chini hudanganya, kwani wekundu wake haumaanishi salama, na miwani inahitajika hadi lizibwe lote. Kioo cha kujitazamia na boksi hufanya kazi vizuri pembe hiyo; vivuli vya miti huangukia mbali na kutawanyika.

Tarehe 6 Februari 2027 ni kipete, kuanzia Chile na Argentina hadi pwani ya Afrika Magharibi: Ivory Coast, Ghana, Togo, Benin na Nigeria. Hapa hakuna wakati wa kuvua chochote, hivyo shule inaweza kutegemea taswira ya ukutani mwanzo hadi mwisho bila kupoteza kitu kikubwa. Vivyo hivyo tarehe 26 Januari 2028, kipete kutoka Ecuador hadi Uhispania.

Tarehe 2 Agosti 2027 ni habari nyingine. Kivuli kamili kinapita kusini mwa Uhispania, Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia, na karibu na Luxor jua litazibwa lote kwa dakika 6 na sekunde 20 hivi, likiwa karibu utosini. Watakaokuwa nje ya ukanda huo wataona sehemu tu, na kwao masharti ya kupatwa kwa sehemu yanabaki vilevile hata kama kipande kilichobaki ni chembamba namna gani.

Aliye ndani ya ukanda avae miwani yake hadi kipande cha mwisho kitoweke na asione chochote kupitia miwani. Hapo aivue, na kama ana darubini ya macho mawili aondoe vichujio na atazame korona na ndimi nyekundu za gesi kwenye ukingo wa Mwezi. Darubini ishuke kwanza, kabla ya muda kwisha, kwa kuwa jua hurudi kwa nukta moja inayowaka ghafla upande wa pili. Tega simu ilie sekunde 30 kabla ya mwisho uliokokotolewa kwa mahali ulipo, na miwani iwe imeshikwa mkononi, si mfukoni.